Fundi Mkuu na Jiliwa la Kurasini

Fundi Mkuu hakuwa mkuu wa kitu chochote. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kilichopakana na fremu yangu ya ushonaji pale Mtoni, na ndani yake kulikuwa na fundi mmoja tu, naye ni yeye. Hakuwa na naibu, hakuwa hata na paka. Lakini juu ya mlango aliandika kwa rangi nyekundu, kwa mkono wake mwenyewe, FUNDI MKUU, na herufi ya mwisho ilikosa nafasi ikabidi ishuke chini peke yake. Nilipomuuliza yeye ni mkuu wa nani, alinijibu bila kuinua kichwa, "Mkuu wa hao wengine wote unaowajua."

Nilikaa jirani naye miaka kumi na tano. Mimi Mnyamwezi wa Tabora, yeye Mzaramo wa hapa hapa, kwa hiyo sisi ni watani, na mtani ana ruhusa ambayo hata mtoto wa kumzaa hana. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na baada ya hapo heshima ilikuwa imekwisha mpaka kesho yake. Alipofariki, ni mimi niliyesimama mlangoni kwa binti yake kule Kibaha nikazuia jeneza lisitoke mpaka nipewe soda baridi, nikamsema marehemu mbele ya waombolezaji wote kama desturi inavyotaka. Wengine walicheka, wengine walilia, shehe aliangalia pembeni. Ninayoandika hapa ni yale yale niliyoyasema siku ile, ila leo nimepata nafasi ya kukaa kitako.

Siku tulipojuana nilimpelekea kipande cha cherehani yangu kilichokatika. Kwenye maduka ya vipuri walikuwa wameniambia hakipatikani, ninunue cherehani mpya. Yeye alikigeuza mkononi, akakinusa (alinusa kila chuma alicholetewa, sijui alikuwa anatafuta nini), kisha akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Tabora.

"Mnyamwezi na cherehani wapi na wapi? Nyie si wa kubeba mizigo?"

"Tuliibeba, mzee, tukawaletea mpaka huku pwani. Tukawakuta mmelala."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akakaa na kipande changu siku tisa.

Siku hizo tisa nilikuwa na gauni la bibi harusi mezani. Kila asubuhi nilichungulia mlangoni kwake kuuliza kazi imefika wapi, na kila asubuhi niliambiwa njoo kesho. Siku ya sita kipande kilikuwa tayari, nakiona kwa macho yangu kinang'aa kwenye kiganja chake. Akakitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. "Kina uongo ndani," akasema. "Ukikifunga kitakwenda mwaka mmoja, halafu kitakuumbua mbele ya mteja." Akaanza upya. Nilimkumbusha kwamba bibi harusi anaolewa Jumamosi. "Anaolewa na mwanamume, haolewi na cherehani. Mwambie angoje." Pindo zima la gauni lile nililishona kwa mkono, huku nikimlaani kwa Kinyamwezi. Siku ya tisa alikileta mwenyewe kipande cha pili, akakifunga. Kipo mpaka leo ndani ya cherehani yangu, hakijawahi kunisumbua hata siku moja, na ubavuni kina nukta tatu ndogo zilizopangwa pembetatu.

Nukta hizo zilikuwa sahihi yake. Alizigonga kwa panchi, yaani kile chuma kifupi chenye ncha, kwenye kila kazi iliyotoka mkononi mwake tangu alipokuwa kijana anajifunza ufundi: bawaba, funguo, mashine za kusagia nyama, komeo za mageti. Ukipita mitaa ya Mtoni ukawa unainama kwenye mageti ya watu utaziona, ingawa utakamatwa kama mwizi. Alikuwa akisema fundi asiyeweka alama ana mpango wa kukana kazi yake baadaye.

Alikuwa na hotuba moja, nami niliisikia mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kuitoa huku natunga uzi kwenye sindano. Kwamba haraka imeharibu nchi. Kwamba watu wa siku hizi wanagongomea pale wanapotakiwa kufunga boliti, na wanachomelea pale wanapotakiwa kufikiri. Kwamba nyundo ni ya mtu aliyeishiwa hoja. Hotuba hii aliitoa kwa sauti kubwa ili ivuke barabara, kwa sababu ng'ambo alikuwa mchomeleaji, baba mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye alitengeneza mageti na kuyakabidhi siku hiyo hiyo.

"Yule hajui kuunga," Fundi Mkuu alikuwa akimwambia mteja yeyote aliyesimama karibu. "Anajua kuunguza."

"Mzee, mie wateja wangu wanaondoka na mageti yao," mchomeleaji alimjibu siku moja, miwani yake nyeusi ikiwa imepandishwa kwenye paji la uso. "Wa kwako wanazeekea hapo kwenye benchi."

Na ni kweli walizeeka. Mtu huyu aliyechukia uongo ndani ya chuma alikuwa mwongo mzuri tu nje ya chuma. "Njoo kesho" yake haikuwa na maana yoyote. Ilikuwa namna ya kuaga. Daktari alimkataza sukari, naye alimwapia binti yake kwamba ameacha kabisa. Sukari ilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, kwenye droo ya tupa zake za kusugulia vyuma, na juu ya kopo aliandika kwa rangi ile ile nyekundu ya mlangoni: SUMU. Alinionyesha mwenyewe, kwa fahari. "Ukisoma vizuri, mie sijamdanganya mtu. Daktari kasema ni sumu, na mie nimeandika sumu."

Mtu mmoja tu duniani hakumsubirisha, naye ni mke wake. Nilimkuta bibi yule yupo hai na nikamjua kwa miaka kumi. Mwembamba, mcheshi, mwenye sauti ndogo, lakini saa ilikuwa saa. Chakula cha mchana kilipakuliwa saa saba kamili, na asiyekuwepo alikula kiporo. Basi ikifika saa saba kasoro dakika kumi, Fundi Mkuu, adui wa haraka, alikuwa anavua aproni huku anatoka, ameacha kazi ya mtu imebanwa nusu nusu, viatu havijafungwa kamba. Alikimbia, siongezi chumvi. Mzee wa miaka sabini na kitu, anakata uchochoro kwa mbio kwa ajili ya wali. Siku moja walikuwa waende harusini Mbagala, yeye akarudi ndani kubadilisha viatu. Alipotoka, mkewe alikuwa amekwisha panda bajaji na kuondoka. Alimkuta kule ameshamaliza pilau yake na anajichokonoa meno.

"Nilimwambia saa nane," bibi alinieleza kesho yake, bila hasira yoyote. "Mie tangu usichana wangu sikuwahi kumngojea mwanamume."

Aliwahi kuniletea gauni la maua, la kizamani, kitambaa ambacho siku hizi hakipatikani. Alitaka nilitanue alivae kwenye harusi ya mjukuu. Kiunoni, upande wa nyuma, lilikuwa na doa jeusi, unaona kabisa ni vidole vya mtu. Nikamwambia hapo nitakata niweke kiraka cha kufanana, hakuna atakayejua. "Doa liache," akasema. "Wewe tanua kwingine." Nilidhani ni mambo ya uzee, nikatanua kwingine.

Bibi alipofariki, Fundi Mkuu alifunga karakana siku tatu, ya nne akafungua. Ilipofika saa saba kasoro dakika kumi alivua aproni, akafika mlangoni, akasimama. Kisha akairudisha aproni mwilini taratibu. Aliponiona namtazama alisema, "Nimesahau tu." Nilirudi ndani kwangu nikalia, na siku ile sikumtania tena.

Mwaka uliofuata mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Aliuficha kwa kuushikisha kitu kila wakati: tupa, kikombe, kona ya meza. Lakini nyumba za jirani hazina siri, na fremu za maduka ndiyo kabisa. Tatizo lilikuwa jiliwa lake. Jiliwa, kwa asiyelijua, ni lile dude la chuma linalofungwa kwenye meza ya fundi, lenye taya mbili zinazobana kitu kwa kuzungusha skrubu, ili fundi abaki na mikono yote miwili ya kufanyia kazi. Lake lilikuwa dogo na lilikuwa na ufa, likibana kitu kinacheza. Mkono mzima unaweza kuvumilia jiliwa bovu. Mkono unaotetemeka hauwezi. Akakosea bawaba mbili, akazitupa kwenye ndoo. Ya tatu akajikwangua kidole gumba kwa tupa mpaka nyama ikaonekana.

Ndipo binti yake akaja kutoka Kibaha. Muuguzi, mpole, ila ana msimamo wa mama yake. Alimfunga kidonda palepale karakanani, kisha akasema mbele yangu, "Baba, basi. Funga hapa, tukaishi wote kule. Nyumba ina nafasi, utakaa barazani, utanisaidia hata kuangalia kuku."

"Kuangalia kuku wakifanya nini?"

"Baba, mkono wako huo."

"Mkono wangu mzima. Kibovu hapa ni jiliwa. Nipate jiliwa la maana, mie nafanya kazi mpaka mnizike."

"Na usipolipata?"

Alitazama kidole kilichofungwa. Aliogopa. Sikuwa nimewahi kumwona anaogopa, hata siku mkewe alipolazwa. Kuwekwa barazani kwa mtu yule kulikuwa ni kuzikwa ukiwa macho, na sote watatu tulijua. Mwishowe akasema, "Nipe mpaka Idi. Nikipata jiliwa likafanya kazi, nabaki. Likinishinda, nakuja kuwahesabu kuku wako." Binti akakubali, na akanitazama mimi kama shahidi.

Wiki ile ile jiliwa likaja kutoka Kurasini kwa guta, lile baiskeli la mizigo la magurudumu matatu. Karakana za zamani karibu na bandari zilikuwa zinavunjwa kupisha yadi ya makontena, na yeye ujanani alijifunzia ufundi huko huko kabla ya kuajiriwa kiwandani, hivyo alikwenda kuchakura kwenye lundo la vyuma chakavu. Alirudi na dude ambalo wanaume wawili walilishusha huku wakimtaja Mungu. Kubwa, limepakwa rangi juu ya rangi, kijivu juu ya kijani juu ya buluu, na chini ya rangi zote kutu. Taya zimefungana, skrubu haigeuki hata unywele.

"Tulikuwaga nayo kumi ya aina hii," aliniambia, anapapasa mgongo wake. "Haya hayafi."

"Hili limeshakufa, mzee. Limeoza."

"Limelala. Kama babu zangu mlipotuletea mizigo."

Kila aliyepita alikuwa na dawa. Mmoja alishauri siki, mwingine soda, mwingine ndimu na chumvi, na yupo mwendesha bodaboda aliyeapa kwamba mkojo wa asubuhi hauna mpinzani. Fundi Mkuu aliwasikiliza wote kwa adabu na hakufuata hata mmoja. Alichanganya mafuta ya taa na oili chafu, akawa anadondoshea kwenye kila mwanya asubuhi na jioni, anasubiri, anajaribu mpini kwa upole, anasubiri tena. Mchomeleaji alikuja na mtungi wake wa gesi zaidi ya mara moja. "Dakika tano tu za moto, mzee, linaachia." Akafukuzwa kila mara. Chuma cha kalibu, kile kilichoyeyushwa na kumiminwa, ukikipasha joto upande mmoja kinapasuka, na jiliwa kama lingepasuka, yeye angekwenda Kibaha.

Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, Ramadhani ikaingia, skrubu imekaa vile vile. Ndipo alipoanza kumlaani mtu. Alisema kutu peke yake haiwezi kukaidi hivi; kuna mjinga alilifanyia kitu hili jiliwa. Kuna fundi, kama ni wa kuitwa fundi, aliwahi kulirekebisha vibaya. Mjinga huyo asiyejulikana akawa anakaa nasi kila siku. Asubuhi alikuwa mlevi, mchana alikuwa mtu aliyepewa kazi na mjomba wake, jioni alikuwa mtu ambaye mama yake alipaswa kuambiwa. Nilianza kumhurumia.

Ikabaki siku mbili mwezi kuandama. Binti akaja na mabegi mawili matupu, akayaweka kwenye benchi la wateja bila kusema neno. Mchomeleaji naye alikuwepo, safari hii hakuja na mtungi. Alikuja tu kusimama. Jiliwa lilikuwa limelazwa ubavu, na mimi ndiye niliyekuwa nasugua tumbo lake kwa brashi ya waya, kwa sababu mkono wa Fundi Mkuu siku ile ulikataa kabisa. Kijivu kikatoka, kijani kikatoka. Chini ya buluu nikakuta mduara mdogo, upana wa kidole cha mwisho, umechomoza kidogo tu. Nikaupangusa kwa kipande cha kitenge.

Nukta tatu, pembetatu.

Niliinua uso. Alikuwa ameinama juu yangu, miwani kwenye ncha ya pua, anaziona. Tulitazamana. Kisha kidole chake gumba, kile chenye kovu, kikashuka taratibu kikafunika mduara, na kwa ajabu hakikutetemeka.

"Nini hicho, baba?" binti akauliza.

"Pini."

"Pini ya nini?"

"Ya yule mjinga!" Sauti ilivuka barabara. "Si niliwaambia? Nati ya ndani ilikuwa inazunguka, ikatakiwa atoboe, akate meno ya skrubu tunduni, afunge boliti. Yeye kagongomea pini! Pini imeteleza miaka na miaka mpaka imeng'ata skrubu. Mungu amlaani popote alipo."

"Amina," nikasema mimi.

Pini ilitakiwa kuvutwa kwa koleo, na kazi hiyo ilihitaji mkono wenye nguvu. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote alimwita mchomeleaji "fundi mwenzangu" na akamwomba avute. Lakini kwanza aliizungushia pini kitambaa, kichwa chote kikazama ndani.

"Mzee, kitambaa kinateleza," mchomeleaji akalalamika. "Nitoe?"

"Usitoe! Koleo litaharibu kichwa."

"Kichwa cha pini mbovu kina faida gani?"

"Nimesema usitoe."

Niliuma upande wa kanga yangu ili nisicheke. Mchomeleaji alivuta huku akiteleza, akatukana kidogo, akaomba radhi kwa sababu ya mfungo, akavuta tena. Pini ikatoka ikiwa bado ndani ya kitambaa, na kitambaa kikaishia mfukoni mwa Fundi Mkuu kabla hakijagusa meza. Akashika mpini wa jiliwa kwa mikono miwili. Akasukuma. Kitu kikalia ndani, sauti mbaya ya mlango usiofunguliwa siku nyingi, na taya ikasogea. Akazungusha tena, ikasogea tena. Binti yake alikaa juu ya ndoo ya vyuma chakavu, akajifunika uso kwa mikono, analia na kucheka pamoja. Mimi nilipiga vigelegele. Mabegi yalirudi Kibaha matupu, na Idi pilau ililetwa Mtoni.

Boliti ya kuziba tundu lile ilimchukua siku kumi na moja. Alikata meno yake kwa mkono, akaitupa ya kwanza, akaanza upya. Jiliwa likang'aa kila pahali, likafungwa kwenye meza, na likibana kitu hata mkono utetemeke vipi kitu hakichezi. Alifanya kazi miaka mitatu zaidi.

Na miaka hiyo mitatu yote alimsimulia mjinga yule kwa kila mteja. Ningetegemea angenyamaza, au angalau angepunguza. Wapi! Alizidisha. Mjinga akapata kengeza, akapata tamaa, akafukuzwa kazi katika karakana tatu. Siku nyingine alinigeukia katikati ya hadithi, macho makavu kabisa, "Muulize huyu Mnyamwezi, alikuwepo." Nami najibu, "Nilikuwepo." Nilikuwa na haki ya kumwumbua palepale. Mtani akipata kitu kama kile anakipeleka sokoni siku hiyo hiyo. Sikukipeleka. Kila nilipofungua mdomo nilikumbuka kidole gumba kile kikishuka, nikaufunga.

Mwishowe mkono wa kushoto nao ukaanza, na hapo hakungoja kuambiwa. Alifunga karakana mwenyewe, akaniambia jiliwa nibaki nalo kwa sababu yeye barazani hana cha kubana. Nikalifunga kwenye kona ya fremu yangu.

Nilikwenda Kibaha kumwona mara ya mwisho siku ya Jumapili, baada ya misa. Nilimkuta barazani kwenye kiti cha plastiki, kikombe amekishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Fundi Mkuu."

"Marahaba. Kuku ni kumi na saba, wanne wajinga. Jiliwa langu halijambo?"

"Linakusalimu. Naminyia vifungo vya magauni."

"Vifungo!" Alitetemeka mwili mzima kwa hasira ya kweli. "Jiliwa la bandari, vifungo! Toka hapa." Kisha akanivutia kiti kwa mguu nikae.

Tulikaa. Binti yake alikuwa ndani jikoni, tunasikia sufuria. Mzee akasogeza uso.

"Uliona, siyo?"

"Niliona nini?"

"Acha ujinga. Nukta."

"Niliona."

"Na hukusema. Miaka mitatu namtukana yule mtu mbele yako, wewe mtani mzima, kimya. Mtani gani wewe?"

"Nilikuwa natunza," nikamwambia. "Ya msibani kwako."

Nilidhani atacheka. Alitikisa kichwa tu kama mtu anayekubali bei. Akapapasa chini ya kiti, akanipa kopo la maziwa ya unga lenye maandishi mekundu, SUMU. Ndani hakukuwa na sukari. Kulikuwa na kile kitambaa, na ndani ya kitambaa pini, na kichwani mwake nukta tatu, hazijaguswa na koleo.

"Basi ukisema, usiseme nusu," akasema. "Ilikuwa Jumamosi. Msimamizi kanipa jiliwa saa kumi na moja jioni, anataka nilitengeneze kabla sijatoka. Na huku Temeke kulikuwa na dansi. Kuna msichana kaniambia atakaa mlangoni mpaka saa kumi na mbili. Ikipita hapo anaingia na mwingine. Nikatoboa, nikagongomea pini, nikatoka mbio. Kurasini mpaka Temeke, kwa miguu. Hata mikono sikunawa."

"Ile grisi kwenye gauni la maua," nikasema.

"Miaka arobaini na tano alinisema kwa doa lile." Aliangalia kuku wake. "Alinikubali pale pale mlangoni, nahema kama punda."

Nilishindwa kutania. Nikalishika kopo mapajani kwa mikono miwili. Kisha nikamwuliza swali ambalo mtani hapaswi kuuliza, la kweli. Nilimwuliza kama angerudishwa jioni ile, baada ya yote aliyotuhubiria, angekata meno na kufunga boliti kama inavyotakiwa.

Alinitazama kana kwamba ni mimi mjinga aliyekuwa akimlaani siku zote.

"Boliti ile ilitaka saa nzima," akasema. "Na yeye hakuwa mtu wa kungoja."